Ndege ya Kwanza ya Rimoti: Mnunulie Mtoto Inayojua Kuanguka

Ndege ya kwanza ya rimoti itaanguka. Itaanguka siku ya kwanza, itaanguka tena siku ya pili, na pengine itaanguka dakika chache tu baada ya kutolewa kwenye boksi. Mzazi akilikubali hilo kabla hajatoa pesa, hataangalia tena ndege ipi inapendeza zaidi pale dukani. Ataangalia ipi inaweza kuokotwa, ikapanguswa mchanga na kurushwa tena. Mtoto ambaye ndege yake imepasuka katika safari ya kwanza huiweka juu ya kabati, na hamu yake huishia hapo. Hamu hiyo ni mali. Ndani yake kuna fizikia, kuna subira ya mikono, kuna ujuzi wa kutengeneza kilichovunjika, na inastahili kulindwa kwa uchaguzi mzuri.

Kinachovuta macho ya mtoto ni ndege ya kivita: pua iliyochongoka, mabawa mafupi yaliyorudi nyuma, rangi za jeshi. Iacheni. Mabawa mafupi hubeba uzito mkubwa kwa eneo dogo, kwa hiyo ndege hulazimika kwenda kasi ili ikae hewani. Ikipunguza mwendo, bawa hupoteza nguvu ya kuinua, na ndege huporomoka kwa upande mmoja kabla mtoto hajajua afanye nini. Ndege ya kujifunzia ina bawa refu na pana, lililokaa juu ya kiwiliwili, na ncha zake zimeinuka kidogo kuliko katikati. Mwinuko huo una kazi kubwa: ndege ikilalia upande na kuanza kuteleza, bawa lililo chini huinuliwa zaidi na ndege hujirudisha sawa yenyewe. Waliowahi kupanda Cessna Caravan kwenda Maasai Mara, Serengeti au Unguja wameona mpangilio huo wa bawa kuwa juu ya vichwa vya abiria. Piper J-3 Cub, ndege halisi iliyotengenezwa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1947 na kufundisha marubani wengi mno, ilikuwa na bawa la juu pia. Ndiyo maana ndege nyingi za rimoti za wanaoanza zimeigwa kwake.

Sasa ibonyeze ile iliyo dukani. Ndege ya kwanza iwe ya povu, lile jepesi la jamii inayofungia televisheni ndani ya boksi, ila liwe la aina inayopinda na kurudi badala ya kumegeka chembechembe. Kwenye boksi tafuta herufi EPP au EPO. EPP hunyumbulika zaidi. EPO ni gumu kidogo na lina uso laini, na zote mbili huzibika kwa gundi ya moto au Araldite ya dukani. Supagluu huyashika mapovu haya mawili vizuri, lakini lile povu jeupe la kawaida hulila na kuacha shimo, kwa hiyo ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Plastiki ngumu na mbao nyembamba ni nzuri kwa mkono uliokwisha kuzoea, si kwa anayeanza.

Mtu asidhani povu ni la michezo ya watoto tu. Zanzibar ilipopigwa picha kutoka angani kwa ajili ya ramani mpya, kazi iliyoanza 2016 na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zilizopita juu ya Unguja na Pemba zilikuwa ndege za eBee: mwili wa povu, propela nyuma, na kutua kwa tumbo. Na hilo la propela kuwa nyuma mkumbuke mnaponunua. Ndege ikianguka kwa pua, kinachogonga ardhi kwanza ni povu, na propela husalimika. Vidole navyo huwa salama zaidi. Hata hivyo, nywele ndefu, ncha za mtandio na nyuzi za kofia ya jaketi zifungwe mbali kabla betri haijaunganishwa, kwa sababu mota inaweza kuwaka mara moja kijiti cha rimoti kikiguswa.

Ukubwa ndio unaowakosesha wengi. Ndege yenye bawa la kama nusu mita huwa na uzito wa gramu 40 hadi 80 hivi. Haimuumizi mtu kwa urahisi, haivunjiki ovyo, na uwanja mmoja wa mpira unaitosha. Tatizo lake ni upepo. Hata upepo wa kutikisa majani tu unaweza kuisukuma hadi ng'ambo ya barabara. Ndege yenye bawa la mita moja na zaidi hutulia vizuri hewani, huonekana ikiwa mbali na humpa mtoto muda wa kufikiri, lakini inataka eneo kubwa lililo wazi, betri kubwa, na mtu mzima aliye makini, kwa sababu inaweza kumjeruhi mtu. Kama mnaishi mjini na mna uwanja wa shule tu, chukueni ndogo, kisha ufuateni upepo unavyotaka. Pwani, mapambazuko ndiyo saa ya kurusha, kabla jua halijaamsha upepo wa baharini. Miezi ya kusi ni migumu kwa ndege ndogo. Vipindi vya maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, vina asubuhi tulivu nyingi zaidi. Ufuo wakati maji yamekupwa ni uwanja mpana ajabu, ila chumvi na mchanga huingia ndani ya mota, basi ifuteni kwa kitambaa kikavu mara mnaporudi. Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu ina jambo jingine: kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 hewa ni nyepesi, ndege huhitaji mwendo zaidi ili ielee, na propela husukuma kwa nguvu pungufu. Nyepesi yenye bawa pana hufaa huko kuliko popote.

Ukifika Kariakoo au Kamukunji utaonyeshwa ndege ambazo kwa macho ni sawa lakini ni za aina tofauti kabisa. Za bei ya chini huwa na mota mbili juu ya mabawa na hazina sehemu yoyote inayosogea mkiani. Hukata kona kwa kuzungusha mota moja haraka kuliko nyingine, na hupanda au kushuka kwa kuongeza au kupunguza nguvu tu. Si bidhaa mbovu. Kwa mtoto wa miaka sita au saba, asubuhi isiyo na upepo, zinatosha kumpa furaha. Lakini hazimfundishi kurusha. Anayefundishwa kweli ana ndege yenye njia tatu za amri: nguvu ya mota, kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua, na usukani unaogeuza kulia na kushoto. Kuanzia miaka minane hivi, mzazi akiwa kando yake, mtoto mwenye utulivu anaiweza. Maboksi ya ndege za namna hii mara nyingi huandikwa kwamba ni za miaka 14 na kuendelea. Lichukueni onyo hilo kuwa na maana kwamba mtu mzima awepo muda wote, achaji betri yeye na aamue yeye lini hali ya hewa haifai.

Njia ya nne ni vipande vya ukingo wa nyuma wa mabawa, vinavyoilaza ndege upande. Hivyo vinaweza kusubiri, isipokuwa ndege iwe na kifaa cha kuituliza kinachoitwa jairo. Kifaa hiki huhisi ndege inapoyumba na kuirekebisha kabla mtoto hajaona. Katika ngazi ya mwanzo huizuia isilale kupita kiasi, na mtoto akiachia vijiti ndege hujinyoosha yenyewe. Watengenezaji HobbyZone wanakiita SAFE, Volantex wanakiita Xpilot. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, ningelipia hicho. Mjue tu mipaka yake: jairo halioni mwembe, wala halijui kwamba upepo umewapeleka mbali.

Rimoti iwe ya gigahezi 2.4. Zile za zamani za megahezi 27 au 40 huingiliana, na watoto wawili wenye rimoti za masafa yaleyale wakikutana uwanjani, mmoja huangusha ndege ya mwenzake bila kukusudia. Angalieni pia kama vipuri vinauzwa: propela, bawa, betri. Muuzaji asiyeweza kukupatia propela ya pili amekuuzia kitu cha wiki moja. Nunueni propela mbili za akiba na betri moja ya ziada siku hiyohiyo, maana betri ndogo humpa mtoto dakika nane au kumi tu hewani.

Betri ndiyo sehemu ambayo naomba wazazi waisome polepole. Ndege hizi hutumia betri za lithiamu polima, nyepesi na zenye nguvu, na zikitendewa vibaya huwaka moto mkali. Seli moja ina volti 3.7 za kawaida, hujaa kwenye 4.2, na isishuke chini ya 3.0. Tumieni chaja iliyokuja nayo au iliyotengenezwa kwa aina hiyo. Mwendo salama wa kuchaji ni mkondo unaolingana na ujazo wa betri: ya miliampea-saa 150 ichajiwe kwa ampea 0.15. Iwekeni juu ya sakafu ya saruji au vigae, au ndani ya chungu, mbali na godoro, pazia na zulia, na mtu awepo macho hadi iishe. Isichajiwe usiku watu wamelala. Ikiwa imetoka kwenye ndege na bado ina joto, isubiri ipoe. Iliyovimba imekwisha, hata kama bado inafanya kazi. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Isipotumika kwa wiki kadhaa, ihifadhiwe ikiwa na kama volti 3.8, isiwe imejaa wala imekauka. Ndoo ya mchanga mkavu karibu na mahali pa kuchajia ni tahadhari ya bei ndogo sana.

Wengi huletewa ndege na ndugu walioko Muscat, Dubai au Minnesota. Huyo ndugu aambiwe kwamba betri za akiba za lithiamu husafiri kwenye mzigo wa mkononi, haziruhusiwi ndani ya begi linalopakiwa chini ya ndege, na ncha zake za umeme zifunikwe kwa selotepu. Mpaka wa kawaida wa abiria ni wati-saa 100 kwa betri, na betri ya ndege ndogo haifikii hata wati-saa moja. Forodha ndiyo yenye uzito zaidi. Tanzania imekuwa na kanuni za ndege zinazoongozwa kutoka mbali tangu 2018, Kenya tangu 2020, na wasafiri wasio na kibali wamewahi kuachishwa droni zao uwanja wa ndege. Chagueni isiyo na kamera, na kabla ya kuagiza iandikieni mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, mkieleza uzito, bawa na matumizi, kisha jibu lao lisafiri pamoja na boksi. Kwa walioko Marekani, ndege ya burudani isiyozidi gramu 250 haihitaji kusajiliwa na mamlaka ya anga ya huko, FAA, ingawa mrushaji hutakiwa kufanya jaribio fupi la usalama liitwalo TRUST.

Kabla ya uwanja, kuna mazoezi ya nyumbani. Programu ya PicaSim ni ya bure na huonyesha ndege kwenye skrini kama mtu aliyesimama ardhini anavyoiona. Humo mtoto atakutana na kigingi kikubwa cha wanaoanza: ndege ikija kumwelekea, kulia kwake huwa kushoto kwa ndege. Mfundisheni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba analiinua kwa kukitia kijiti chini yake. Ndege ya kurusha kwa mkono isiyo na mota nayo humfundisha mengi kuhusu usawa. Ile ya rimoti, mara nyingi hukaa sawa ikibebwa kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kati ya robo na theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Pua ikizidi uzito kidogo itarukika. Mkia ukizidi uzito, haitatawalika.

Siku yenyewe, rusheni kuukabili upepo, kwa mkono ulionyooka na bila kuelekeza pua juu. Mtu mzima aipandishe hadi kimo cha minazi miwili ndipo amkabidhi mtoto, kwa sababu kosa likitokea juu kuna muda wa kulisahihisha. Akiona inaanguka, aondoe nguvu ya mota kwanza. Watoto wengine wasimame nyuma yake. Na jambo hili lisemwe nyumbani kabla ya kutoka, lirudiwe uwanjani: ndege ikinasa kwenye nyaya za umeme, imepotea. Hakuna kupanda nguzo, hakuna mti mrefu, hakuna kuirushia mawe. Chagueni uwanja usio na nyaya kabisa, mbali na barabara, na mbali na njia ya ndege zinazotua.

Mtoto akishaweza kuizungusha pande zote mbili, kuileta kwake bila kuchanganyikiwa na kuitua mara kadhaa karibu na miguu yake huku jairo likiwa limezimwa au limepunguzwa, yuko tayari kwa ndege ya njia nne. Msiuze ile ya zamani. Mota yake, rimoti yake na vile vimota vidogo vinavyosogeza vipande vya mkia vinaweza kuhamishiwa kwenye mwili mpya mtakaoukata wenyewe kutoka kwenye karatasi ngumu ya povu, na kazi hiyo yaweza kumkalisha mezani likizo nzima.