Kabla Ufunguo Haujazungushwa: Maswali na Majibu Kuhusu Utunzaji wa Zana za Kijeshi

Kamere ni kituo cha biashara kusini mwa Ziwa Naivasha, kwenye Barabara ya Moi South Lake, karibu na lango la hifadhi ya Hell's Gate na mitambo ya jotoardhi ya Olkaria. Upande wa kaskazini kuna Gilgil yenye kambi za jeshi na makao makuu ya kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo. Ukiendelea mbele unafika Lanet, Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Wakazi wa ukanda huu wamezoea malori ya kijani. Maswali yafuatayo yanahusu kazi ambayo raia hawaioni, ile inayofanywa lori likiwa bado limezimwa.

Gari la deraya limeundwa kwa vita. Kwa nini likaguliwe kila siku?

Kwa sababu ya uzito wake. Mabamba ya chuma huongeza tani kadhaa juu ya ekseli, springi na breki, na kila kitu huchakaa haraka kuliko kwenye lori la mizigo. Majeshi mengi hugawa ukaguzi sehemu tatu: kabla ya safari, safarini na baada ya kurudi. Huu wa mwisho ndio hupuuzwa zaidi, kwa kuwa dereva amechoka na anataka chakula. Ndio wenye faida kubwa pia. Injini ikiwa bado moto, mvujo wa oili huonekana, na mafundi wana usiku mzima wa kuurekebisha. Dereva mzoefu husogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, beringi inakufa au breki imeng'ang'ania.

Vumbi la Naivasha lina ubaya gani kuliko la kwingine?

Udongo wa kuzunguka Mlima Longonot na Hell's Gate umetokana na majivu ya volkano. Chembe zake ni kali, nyingi zikiwa na asili ya kioo. Zikipenya kwenye filta iliyochanika au klipu ya mpira iliyolegea, huikwaruza silinda kimyakimya. Dalili huja baadaye: oili inapungua, moshi unageuka wa buluu, gari linakosa nguvu kwenye mpando wa kuelekea Limuru.

Wengi hukosea kwa bidii. Hufungua filta kila asubuhi na kuigonga kwenye tairi ili vumbi litoke. Kila inapofunguliwa, vumbi jingine hupata njia, na kuigonga hupinda kingo zake zisizibe tena. Kama gari lina kipimo cha kuziba kwa filta, hicho ndicho kifuatwe. Hewa ya kupulizia iwe ya shinikizo dogo na itoke ndani kwenda nje.

Kuna pia suala la mwinuko. Ziwa liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka karibu nyuzi 94. Kifuniko cha rediata ndicho huongeza shinikizo ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, gari lenye injini nzima litachemsha mlimani, na watu wataanza kulaumu pampu.

Mvuke wa Olkaria hudhuru chochote?

Ndiyo, vifaa vya umeme. Umeme wa jotoardhi umezalishwa Olkaria tangu 1981, na gesi inayonuka kama yai bovu hushambulia shaba na fedha. Viungo vya redio, relei na vichwa vya betri hupata weusi, na mawasiliano hukatika bila waya kukatika. Visafishwe, vipakwe grisi ya umeme na vifunikwe.

Kuna mfano wa karibu wa mazingira kulikwamisha jeshi?

Wanajeshi wa Kenya walivuka kuingia Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, na mvua za vuli zikawakuta njiani. Barabara za kuelekea Afmadow ziligeuka tope na magari yakakwama. Hakuna ukaguzi unaozuia mvua. Hata hivyo, baada ya tope kazi huwa nyingi: kuosha rediata iliyojaa udongo, kupaka grisi upya, na kutazama oili ya difu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na gia zitaliwa.

Na bunduki?

G3, iliyobuniwa Ujerumani, imebebwa na askari wa Kenya kwa miongo mingi. Chemba yake ina vifereji vinavyopitisha gesi kuzunguka ganda la risasi ili lichomoke kwa urahisi. Masizi yakijaa humo, ganda hung'ang'ania, kwa hiyo chemba ina burashi yake, mbali na ile ya mtutu. Fundi wa silaha pia hupima pengo kati ya kichwa cha bolti na kibebeo chake, ambalo linatakiwa kuwa kati ya milimita 0.1 na 0.5. Likipungua zaidi, roli zimechakaa na zinabadilishwa. Kwenye vumbi, oili iwe kidogo sana, maana ikizidi hushika mchanga na kuwa tope la kusagia chuma.

Funzo chungu lilitoka Vietnam. Wanajeshi wengi wa Marekani walipewa M16 bila vifaa vya kutosha vya kuisafishia, baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa, na chemba haikuwa na kromi. Bunduki zilikwama katikati ya mapigano na vijana wakafa. Kamati ya Bunge lao ilichunguza mwaka 1967. Kromi ikawekwa, vifaa vikagawiwa, na mchoraji Will Eisner akatengeneza kijitabu cha katuni cha kufundisha usafi wa bunduki.

Nani hubeba lawama chombo kikiharibika?

Kitabu cha kasoro huonyesha. Dereva huandika, fundi hutia sahihi, kamanda husoma. Kamanda anayemfokea dereva kwa kuandika kasoro hufanya kosa kubwa kuliko dereva mvivu: baada ya wiki chache kurasa zitakuwa safi na magari mabovu.

Mashua za doria ziwani je?

Walinzi wa Pwani ya Kenya hufanya doria Naivasha, na adui wa injini zao ni gugumaji. Mizizi yake huziba tundu la kuvutia maji ya kupoza. Mwendeshaji hutazama mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ukikatika, huzima papo hapo, huinua injini na kutoa magugu kwa mkono kabla ya kuwasha tena.