Sacco Yako Nayo Inaweka Pesa Wapi?

Uko Masara, umeuza dhahabu yako kidogo au umefunga duka jioni. Pesa unaipeleka kwa chama, chama kinaipeleka kwa sacco. Hapo wengi wetu tunaachia, tunasema pesa imefika salama. Lakini sacco nayo huweka pesa ya ziada mahali pengine, na safari hiyo ya pili ndiyo iliyowaumiza wanachama wengi Kenya.

Chukua mfano wa Kuscco, muungano wa sacco ulioanzishwa mwaka 1973. Kazi yake ilikuwa kuzitetea sacco na kutoa mafunzo. Lakini pia ilipokea amana kutoka kwa sacco wanachama na kuziahidi riba nzuri. Mapema mwaka 2025, Waziri wa Ushirika Wycliffe Oparanya aliweka wazi ripoti ya wakaguzi wa PwC: shilingi bilioni 13.3 zilikuwa zimefujwa, na madeni ya muungano yalizidi mali yake kwa takriban bilioni 12.5.

Pesa nyingi hivyo zinapoteaje bila mtu kugutuka? Ripoti ilisema mapato yaliongezwa kwenye vitabu ili hasara ionekane faida. Kuna hesabu zilizobeba saini ya mkaguzi ambaye tayari alikuwa amefariki (ndiyo, umesoma vizuri). Na maadamu sacco zilionyeshwa faida na kulipwa riba, nani angetaka kutoa pesa yake? Riba nzuri ilifanya kazi ya kunyamazisha maswali. Halafu muungano haukuwa ukisimamiwa na SASRA jinsi sacco zenyewe zinavyosimamiwa, kwa hivyo jicho kali halikufika huko.

Mwanachama wa kawaida huyasikia haya akiwa amechelewa. Sacco ikipoteza pesa iliyoweka nje, inabidi itenge sehemu ya faida kuziba pengo, na gawio lako linapungua. Wanachama wakiogopa, wanakimbilia kujitoa wote kwa pamoja. Sacco haiwezi kuwalipa siku moja, kwa sababu pesa iko kwa mikopo: karo, shamba, pikipiki ya mtu.

Kwa hivyo kwenye mkutano mkuu wa mwaka, usisubiri tu soda na gawio. Uliza: pesa yetu ya ziada iko wapi, ni kiasi gani, na tukiihitaji leo tunaipata lini? SASRA hutoa kila mwaka orodha ya sacco zenye leseni. Kama yako ni ndogo na haimo, muulize afisa wa ushirika wa kaunti kama imesajiliwa.

Na ukilipia kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya malipo kukamilika. Linapaswa kuwa la sacco, si la mweka hazina. Usifute ujumbe wa malipo; kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya akaunti yako, mlinganishe na hizo SMS mstari kwa mstari.