Kabla ya Kununua 4x4, Lala Chini Uitazame

Kabla ya kukanyaga yadi yoyote ya Mombasa Road, teremka kwenye maegesho ya fleti yenu ukiwa na futikamba. Prado ya umbo la J150 ina upana wa karibu mita 1.9 na urefu unaokaribia mita 4.8. Jimny ya sasa, iliyotoka mwaka 2018, ina upana wa mita 1.65 na urefu wa mita 3.55. Hapa mtaa wa Fedha, Nairobi, ambako Vitz tatu zikishapangwa ya nne inaomba radhi kwa soja, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama utalala nyumbani kwako au utaamshwa saa kumi na moja alfajiri kumpisha jirani.

Sizungumzii maegesho kwa mzaha. Gari la kwenda porini la mtu wa Eastlands huishi mjini. Litajiburura kwenye foleni ya Outer Ring Road Jumatatu hadi Ijumaa, litapanda matuta ya estate, litaegeshwa Industrial Area juani, na pori litaliona likizo na wikendi chache. Ukinunua kwa kufikiria zile siku chache peke yake, utalipia mafuta na matengenezo ya ndoto mwaka mzima. Ukizisahau kabisa, utakwama.

Kwa hiyo anza na barabara. Jiulize ni ipi mbaya kuliko zote ambayo utaipita kila mwaka bila kukosa. Lami ya Kenya imefika mbali siku hizi: unatoka Fedha hadi Moyale bila kuiacha, na upande wa Mara inakufikisha mpaka lango la Sekenani. Hata njia ya Laisamis kuelekea Ziwa Turkana ilitengenezwa upya, kilomita 208 hadi Sarima, ili malori yapeleke mitambo ya umeme wa upepo. Kwa safari za namna hiyo, gari lililoinuka kidogo, lenye shoki nzima na matairi mazuri, linatosha. Nenda na Forester yako kwa amani.

Mambo hubadilika ukiwa ndani ya Mara mvua ikinyesha, pale udongo mweusi unapojaza meno ya tairi hadi linakuwa laini kama limenyolewa. Hubadilika pia ukipanda mlima Suswa kutoka Duka Moja juu ya mawe ya volkano, ukipita Magadi kwenda Nguruman na Shompole, au ukiingia jangwa la Chalbi upande wa Kalacha na North Horr, ambako ukoko mkavu wa juu huficha tope. Kama jina la mojawapo ya sehemu hizi limo katika mipango yako ya kila mwaka, endelea kusoma. Kama halimo, okoa pesa zako.

Nembo ya 4WD iliyobandikwa nyuma haitoshi kukuambia kitu. X-Trail na RAV4 nyingi hupeleka nguvu nyuma kwa klachi ya umeme pale zinapohisi utelezi. Zikihangaika mchangani kwa muda, klachi hiyo hupata joto na kujizima ili isiungue, nawe unabaki na gari linalovutwa na magurudumu ya mbele tu. Tena hazina gia za chini, zile za 4L, ambazo ndizo zinazokuteremsha Suswa taratibu bila kuchoma breki. Hilux, D-Max, Jimny na Land Cruiser za 70 zinazo 4L na zimekaa juu ya chesi, lakini kwa kawaida huvuta nyuma peke yake mpaka wewe mwenyewe uunganishe mbele kwa kuweka 4H. Usiziendeshe katika 4H juu ya lami kavu: kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, na anayeumia ni transfa. Prado huvuta kote wakati wote na ina loku ya difu ya katikati, ndiyo maana dereva asiye na uzoefu hupata taabu chache nayo.

Nikiulizwa na watu wawili wasio na watoto, nawaambia Jimny bila kufikiri sana. Ni nyepesi, haizami kirahisi, inageuka kwenye uchochoro wowote wa Tassia, na ikikwama watu wanne wanaisukuma. Mizigo ndiyo shida yake: ukiweka hema, jiko na maji, kiti cha nyuma si cha binadamu tena.

Kwa familia, Prado ya petroli ya 2.7. Najua wengi watanibishia, maana kila mtu anataka dizeli. Dizeli ya 2.8 iliyoingia kwenye Prado mwaka 2015 ina nguvu kweli na hula mafuta kidogo safarini. Lakini zile zinazotoka Japani zina kichujio cha masizi kinachohitaji joto la mwendo mrefu ili kijisafishe. Gari linaloamka Fedha, likasimama Taj, likasimama Donholm, likarudi jioni kwa mtindo uleule, halipati joto hilo. Kichujio huziba, taa huwaka, na bili ya fundi huja. Isitoshe, kwa viwango vya ushuru wa bidhaa vya miaka ya karibuni, dizeli inayozidi cc 2500 imekuwa ikitozwa asilimia 35, huku petroli ya 2.7 ikitozwa 25. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 35 na VAT ya 16. Dizeli ya zamani ya 3.0, yaani 1KD, ina ugonjwa wake pia: washa za nozeli zikianza kuvuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu chini ya injini. Ukiambiwa nozeli zimebadilishwa, omba risiti, kisha uliza kama na washa zilibadilishwa.

Land Cruiser za 70 ni chuma, hakuna ubishi. Ila zinazopatikana kwa bei ya kuvutia nyingi zimetoka kwenye safari za watalii au mashirika. Za watalii mara nyingi zimekatwa na kurefushwa chesi, kwa hiyo ulehemu wake ndio unaoununua. Za mashirika na balozi huenda ziliingia nchini bila ushuru, na ushuru huo hudaiwa gari likipita mikononi mwa mtu wa kawaida. Hakikisha mkataba unasema nani ataulipa, la sivyo utaingia mkenge mchana kweupe.

Kuhusu Discovery, Pajero na nyingine unazozipenda kwa sura, jaribio langu ni la simu. Pigia maduka matatu ya Kirinyaga Road uulize bei ya shoki za mbele, beringi ya gurudumu na pampu ya maji. Kama yote matatu yana vipuri hivyo rafuni, endelea. Kama jibu ni "tutakuagizia", fikiria jibu hilohilo ukiwa Marsabit.

Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, kumbuka gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Dai karatasi ya mnada wa Japani, si picha zilizong'arishwa. Alama ya R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Uliza pia lilitumika sehemu gani: kaskazini, kama Hokkaido, barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chesi kimyakimya. Gari lililoishi Mombasa karibu na bahari lina hatari ya aina hiyo.

Sasa twende chini ya gari, maana kazi yenyewe iko huko.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, kuna jambo hakutaka ulione injini ikiwa baridi. Beba kipande cha katoni, tochi na bisibisi nzito. Tandika katoni, lala chali, anzia mbele urudi nyuma. Gonga chesi kwa mpini wa bisibisi kila baada ya kiganja kimoja: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Jihadhari na gari ambalo bodi yake ina mikwaruzo ya kawaida lakini chini limepakwa rangi nyeusi mpya, bado inanuka. Hakuna anayepaka rangi chini ya gari la kuuza kwa ajili ya uzuri. Tafuta ulehemu mahali ambapo kiwanda hakikuuweka, hasa karibu na mikono ya springi. Shika propela uitikise. Ikicheza, viungo vyake vimekwisha. Tazama buti za mpira kwenye ekseli za mbele: grisi ikiwa imerukia ndani ya rimu, buti limepasuka na mchanga umeshaingia.

Halafu mwombe fundi afungue nati ya kujazia oili ya difu, mbele na nyuma, achovye kidole. Oili nzima ni ya rangi ya asali au nyeusi. Ikiwa imegeuka nyeupe na nzito, maji yaliingia, na gari hilo lilivuka mto ambao mwenyewe hakukusimulia. Ukiwa ndani, vuta mkanda wa kiti wote mpaka mwisho wake. Mstari wa tope kavu pale ndani hausafishwi na watu wa kuosha magari. Baada ya mafuriko ya 2024, hilo si jambo la kupuuza.

Fundi awe wako. Mlipe ada yake ya siku mkiondoka nyumbani, gari linunuliwe lisinunuliwe, asije akapewa kitu kidogo na broka mkishafika yadi. Kariobangi Light Industries ina mafundi wanaoijua Prado kuliko walioiunda. Ukitaka maoni ya mtu asiye na undugu na yeyote, AA Kenya hukagua na kuthamini magari.

Msikubali kulijaribu kwenye lami tu. Chukueni Kangundo Road, piteni Ruai mpaka Kamulu, kisha kateni kwenye barabara ya udongo. Simamisha, weka 4H, endesha polepole, kisha weka 4L. Taa ya dashibodi inatakiwa kutulia, si kuendelea kumetameta. Bonyeza loku ya difu kama ipo. Magari mengi ya Nairobi yamekaa miaka bila kuguswa swichi hizo, na mota zake hukwama kwa kutotumika. Muuzaji atakuambia "itafunguka tu", nawe umwambie bei nayo itashuka tu. Gari likiwa 4L, literemshe mahali penye mteremko bila kukanyaga breki, mkisikiliza. Mlio wa kusaga hauna maelezo mazuri.

Makaratasi ni mafupi. Toa kumbukumbu za gari kwenye mtandao wa NTSA, linganisha namba ya injini na ya chesi kwa macho yako, angalia kama benki ina jina lake pale. Salio la pesa litoke umiliki ukishaanza kuhamishwa, si kabla.

Usimalize pesa zote kwenye gari. Kati ya kila milioni uliyopanga, bakiza laki na nusu, na sehemu kubwa iende kwenye matairi. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani hivyo ni la kubadilishwa hata meno yakiwa marefu. Kwa mtu wa Fedha, matairi ya njia zote yanafaa kuliko yale ya tope yanayonguruma Mombasa Road nzima. Tairi la akiba liwe la saizi kamili. Nunua pampu ndogo ya umeme na kipimo cha upepo, kwa sababu kushusha upepo hadi psi 18 au 20 mchangani kutakuokoa kuliko winchi. Winchi nyingi za Nairobi zimenunuliwa kwa kuangalia picha za Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdares. Magari yale yameundwa kwa siku ile moja, na hakuna mtu anayepeleka watoto shule nayo. Chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni pia. Wezi wa vioo unawajua.

Safari ya kwanza iwe Magadi, magari mawili, kamba ya kuvutia na sehemu imara ya kuifungia kwenye chesi, si kile kitundu chembamba cha kufungia gari melini. Mkikuta laga, yaani mto wa msimu, lina maji ya kasi, ngojeni. Desemba 2021 mto Enziu, Mwingi, ulibeba basi zima na kuua watu zaidi ya 30, na basi ni zito kuliko gari lolote linalouzwa kwenye yadi. Mkirudi, hata kama kila kitu kilikwenda vizuri, mpeni fundi gari kesho yake akaze nati za magurudumu na kuchovya kidole kwenye difu tena.