Dondoo muhimu: Kuwapiga picha wajenzi wa pwani ya Mtwara

Kule Mikindani, kuta kongwe za mawe ya matumbawe huonyesha nyufa na viraka vya chokaa vizuri zaidi asubuhi, jua likizipiga ubavuni. Mpiga picha abishe hodi kwanza. Fundi anayekandika udongo au kuezeka makuti si pambo la barabarani.

Ndege nao ni wajenzi: mnana anataka lenzi ndefu. Dume husuka kiota, jike hukagua. Asiporidhika, kazi huanza upya, na picha tamu iko hapo.

Kaa wadogo wa mikokoni ndio wanaodai subira. Bahari ikikupwa kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, hutoka mashimoni na kulundika vidonge vya matope mlangoni. Dawa ni kulala kifudifudi na kuzuia kivuli kisiwafikie. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu 2000, hivyo ada ya kuingia ilipwe mapema.