SOMO LA ROBO HII: Kijana Mwenye Haya Anapoanza Chuo Kikuu



Barua za sharika zinazomwombea kijana ufadhili wa masomo hufanana sana. Husema kijana huyu ni mpole, msikivu, hana makuu, hajawahi kuwasumbua wazazi wala walimu. Ni sifa njema, hatuzipingi. Lakini mara nyingi maana yake ni kwamba tunampeleka chuo kikuu kijana yule yule ambaye miezi ya kwanza itamwelemea kuliko wenzake, kwa sababu huko aendako asiyesema haonekani. Somo letu safari hii linamhusu yeye.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Haya si kiburi, si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mwenye haya anatamani kuzungumza na watu, ila anaogopa watamwonaje. Hapo ndipo anapotofautiana na mtu mtulivu tu, ambaye akikaa peke yake anaridhika. Wala wenye haya si wachache. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipowauliza watu katika miaka ya 1970, takriban asilimia 40 walijitaja kuwa ni watu wenye haya. Sisi huongeza na malezi juu yake. Mtoto hufundishwa asimkazie macho mkubwa, asiingilie mazungumzo ya wazee mpaka aulizwe, na binti hukazaniwa zaidi. Hiyo ni adabu, nami nisingependa ipotee. Chuo kikuu, hata hivyo, kinadai na ustadi mwingine: kuinua mkono, kupinga hoja ya mkubwa bila kumvunjia heshima, kugonga mlango wa mhadhiri bila kuitwa.

Tufikirie anakotoka. Shule ya bweni ina kengele, mwalimu wa zamu, mwalimu wa darasa anayemjua kwa jina, na kiranja anayeuliza kwa nini hakula. Inapofika Oktoba au Novemba anajikuta ukumbini na mamia ya wenzake. Mhadhiri anafundisha kwa kipaza sauti, kwa Kiingereza, kisha anaondoka. Hakuna anayeita majina. Kiingereza amekisomea sekondari yote, lakini kukiandika kwenye mtihani ni jambo moja, na kukizungumza mbele ya waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea ni jambo jingine kabisa. Anaogopa kuchekwa, ananyamaza, na kila wiki anayonyamaza inaifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Hasara yake si upweke peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kozi nyingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kazi za muhula ni pamoja na majaribio, kazi za vikundi na semina. Asiye na kikundi, au anayekimbia siku ya kuwasilisha, anaingia kwenye mtihani akiwa nyuma tayari. Baadaye tunasikia ana "sapu", au vibaya zaidi "amedisko", na usharika unashangaa maana kijana alikuwa na daraja la kwanza.

Kuna na suala la fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hulipa fedha za chakula na malazi, lile wanaloliita "bumu", kwa mikupuo. Mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Jina likikosekana kwenye orodha, mchangamfu huenda dawati la mikopo siku hiyo hiyo. Mwenye haya husubiri. Kijana mmoja tunayemfadhili ada alisubiri wiki tano, akila mlo mmoja kwa siku, kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa katika akaunti yake. Siku mwenzake wa chumba alipomsindikiza kuuliza, ikarekebishwa.

Mwaka 1975 Mmarekani Vincent Tinto aliandika kwamba mwanafunzi huendelea na chuo anaposhikamana nacho kwa pande mbili, masomo na watu. Tusimdai kijana wetu marafiki ishirini. Wawili watatosha. Afike darasani dakika kumi kabla, akae sehemu ile ile karibu na mbele, amsalimu aliye jirani. Baada ya wiki mbili nyuso hizo si ngeni tena. Atafute kikundi cha kujisomea cha watu wanne au watano, maana mwenye haya husema vizuri penye watu wachache. Kwenye semina aseme mapema, hata kama ni swali aliloliandika jana yake. Anayesubiri ujasiri uje kwanza hukuta kipindi kimekwisha. Makundi ya darasa kwenye simu yanafaa kuanzia, ila yasiwe maficho. Na asirudi nyumbani kila Ijumaa, hata kama mama amemkumbuka.

Upande wetu tunaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Kabla hajaondoka, kamati imtafutie mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu anayetoka kwetu, ampokee na kumwonyesha ofisi. Apigiwe simu wiki ya tatu, tusingoje likizo. Tukimuuliza "Unaendeleaje?" atajibu "Vizuri", kama alivyolelewa. Tumuulize: Uko kikundi gani? Umekwisha kuongea na mhadhiri yupi? Bumu limeingia? Na tafadhali, tusimsimamishe ghafla mbele ya usharika mzima atoe shukrani. Wafadhili wanaotaka neno lake watapata barua nzuri kuliko hotuba.

Akiacha kwenda darasani, halali usingizi au hatoki chumbani kwa siku nyingi, hapo si haya tena. Apelekwe kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo, na hospitali ikibidi.

Kwa kikao kijacho, kamati zijadili: vijana wetu wa mwaka wa kwanza ni akina nani, na nani kati yetu ana namba zao za simu? Yupi hatujasikia sauti yake tangu chuo kifunguliwe?