Piga Picha ya Kiwavi Kabla ya Kulipia Dawa

Majani ya mahindi yana matundu na tayari umeshika simu umlipe mwenye agroveti mjini Eldoret. Tunasema, ngoja kidogo. Viwavijeshi wametusumbua Kenya tangu 2017, lakini si kila kiwavi ni huyo, na dawa isiyofaa ni pesa imeenda.

Mtumie picha kwanza. Akuze aone Y iliyopinduliwa kichwani, na vidoa vinne vilivyokaa kama mraba karibu na mkia.

Lenzi ya bei ghali ya nini? Wengi husongeza simu karibu mno, picha inatoka na ukungu. Rudi nyuma kama sentimita 10, egemeza kiwiko gotini, gusa kiwavi kwenye skrini, piga, halafu kata pembeni. Bado haonekani vizuri? Weka kioo cha kukuza mbele ya kamera, hata kile cha babu cha kusomea gazeti. Tone la maji kwenye lenzi nalo hukuza, ila kwa simu isiyostahimili maji sisi tungeliacha.

Akishakutajia dawa na bei, sasa lipa. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha malipo.