Nyuma ya Kupasuliwa Tumbo: Namna ya Kukaa Nyumbani

Mama aliyepasuliwa tumbo ili mtoto azaliwe hukaa hospitali siku chache tu, kisha munganga anamwambia: Nenda nyumbani. Watu wa nyumba wanafurahi. Wanatazama kidonda, wanaona kimefunga, wanafikiri: Amepona. Kesho yake bidoni ya maji inamngoja mlangoni. Shida nyingi zinaanza hapo.

Sikilizeni vizuri. Munganga hakukata ngozi tu. Chini ya ngozi kuna mafuta, chini ya mafuta kuna utando mgumu unaozuia matumbo yasitoke, na chini zaidi kuna tumbo la uzazi. Kidonda kinashuka mpaka huko. Ngozi inafunga upesi, karibu majuma mawili. Utando ule unachelewa: hata nyuma ya majuma sita haujarudisha nguvu zake zote. Mama akiinua mzigo mapema, tumbo linakaza na utando unaweza kuachana kidogo kidogo. Nyuma ya miezi matumbo yanasukuma chini ya ngozi, kama mpira. Hiyo ni ngiri, na mara nyingi dawa yake ni kupasuliwa tena.

Basi kwa majuma sita usiinue kitu kinachopita uzito wa mtoto wako. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Mzigo wa kuni unaobebwa mgongoni kwa kamba ya kichwani mara nyingi unapita hapo. Kutwanga na kulima kuachwe vilevile. Neno hili ni la baba kuliko mama, maana mama atakataaje kazi kama hakuna mwingine wa kuifanya? Baba, njia ya kisima unaijua. Na ninyi wamama wa kanisa, mnapokuja kumwangalia, msije na nyimbo tu. Mje na maji na kuni.

Lakini kupumzika si kulala mchana kutwa. Zamani waganga waliwalaza watu kitandani siku nyingi, wakaona damu inaganda miguuni. Damu iliyoganda inaweza kupanda mpaka mapafuni na kuua. Kwa hiyo tembea kila siku, polepole, ndani ya nyumba na kiwanjani. Ukitaka kuamka, usijiinue kwa tumbo: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kikohozi kikikushika, kunja kitenge, kikandamize juu ya kidonda, ukohoe. Kunyonyesha kwa kulala ubavu ni kuzuri, mtoto asilale juu ya kidonda.

Oga kila siku kwa maji safi na sabuni, usisugue kidonda, kisha kausha kwa kitambaa safi. Usiweke majani, majivu, mafuta, wala unga wa vidonge. Bibi wengi wanapenda kukanda tumbo la mzazi kwa maji ya moto na kulifunga kwa nguvu. Bibi, tunakuheshimu, lakini tumbo hili limeshonwa, usilikande. Nyuzi zitolewe siku iliyoandikwa kwenye karatasi, na dawa zimalizwe hata kama maumivu yamekwisha.

Juu ya chakula: maharagi, sombe, ndakala, mayai, matunda, na maji mengi, choo kisiwe kigumu. Wanaosema mzazi asile mayai wanamnyima kitu kinachojenga nyama ya mwili. Na kufunga chakula kwa maombi kungoje mpaka apate nguvu.

Rudi hospitali siku ileile, usingoje kesho, ukiona moja la mambo haya: homa, kidonda chekundu, kilichovimba, chenye usaha au harufu mbaya, kidonda kinachofunguka, tumbo kuvimba na kutapika, damu inayolowesha kitambaa kizima kwa saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma, chini ya goti. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma ghafula, kimbieni naye wakati uleule, hata usiku.

Mume na mke wangoje kulala pamoja mpaka mama aangaliwe nyuma ya majuma sita. Siku hiyo mwende wote wawili, muulize juu ya kupanga uzazi, maana ni vema kungoja miaka miwili mbele ya kuchukua mimba tena. Kovu la tumbo la uzazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu, na likipasuka, mama na mtoto wanaweza kufa mbele ya kufika barabarani. Mama wa namna hii asizae nyumbani tena, wala pahali pasipo munganga wa kupasua. Karatasi ya hospitali iwekwe pamoja na vitu vya maana vya nyumba, pahali mvua haifiki. Aionyeshe mara anapojua ana mimba, na mwezi wa tisa ukiingia, aje akae karibu na hospitali.